Jina Haliitwi Mara Mbili

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Parfait Ilunga chali ndani ya jeneza lake mwenyewe, poda nyeupe usoni, pamba puani, akisikia skrubu ya kwanza ikizama kwenye mbao juu ya kichwa chake.

Ikazama ya pili.

Wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda umefungiwa maandazi, usiogope. Jeneza ni la mchezo. Parfait ni mwanamieleka, Mkongo wa Kolwezi, na jina lake la ulingoni ni Maiti. Miaka nenda miaka rudi hapa Johannesburg ameingia ulingoni akibebwa na vijana waliovaa suti nyeusi, tarumbeta zikilia msiba, kisha mfuniko unasukumwa na Maiti anafufuka kumpiga mtu. Watu wanatoka Mayfair na Fordsburg kuja kuona hivyo, na wengine wanakuja na bibi zao.

Lakini mfuniko ule haujawahi kufungwa. Siku zote huwekwa tu juu, mithili ya kifuniko cha sufuria. Anayefunga jeneza kwa skrubu hategemei kwamba aliye ndani atatoka.

Parfait akasukuma. Mfuniko haukutikisika. Akapiga ngumi kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto haukuwa na msaada, na sababu yake utaijua hivi punde. Ukumbi wa kukodi wa Kensington, uliojaa watu mchana ule wa Jumamosi, ukamsikia akigonga. Wapiga ngoma wakayadaka mapigo yake wakayageuza wimbo. Akagonga kwa hofu zaidi, nao wakacheza zaidi.

Hiyo ndiyo taabu ya kazi yake. Amekufa mara nyingi mno mbele za watu, nani atamwamini leo?

Upande wa kichwani fundi alikuwa ametoboa matundu ya kupitishia hewa. Parfait akapeleka vidole akakuta yamezibwa. Akachokonoa. Kikatoka kitu kirefu, laini, kikamnasa vidoleni, naye akakipapasa gizani mpaka akakitambua.

Zilikuwa nywele.

Parfait si mwoga, lakini hapo jasho lilimtoka la baridi. Hewa ilikuwa inaisha. Mfa maji haachi kutapatapa, na Parfait alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika. Akavuta pumzi ya mwisho iliyokuwamo mle ndani, akaita kwa sauti yake yote.

"Claude Ndayizeye!"

Nje mtu akaacha kucheka.

Nikueleze sheria hii, kwa sababu leo yote yanaizunguka. Wanamieleka wa Kongo na Burundi hapa mjini hawaitani majina ya nyumbani wakiwa ulingoni. Claude, Mrundi mwenye mwili wa mlango, mlinzi wa duka Fordsburg siku za kazi, ulingoni ni Kiboko wa Rusizi. Piga kelele utakavyo, lia, omba maji, mwite mama yako, hakuna atakayekuacha, maana hayo yote ni mchezo. Lakini ukiliita jina la nyumbani la mwenzako, maana yake umeumia kweli, na mwenzako lazima akuachie papo hapo.

Ila jina haliitwi mara mbili. Ukishaliita leo, umelitumia. Zamani vijana walikuwa wanaita jina kila wakiona wanaanguka vibaya, michezo ikawa haina ladha, mpaka mpanga mieleka akasimama akasema basi, mara moja kwa siku, ya pili ni porojo.

Na huyo mpanga mieleka ni nani? Ni huyohuyo Parfait. Sheria ni yake. Yeye ndiye anayepanga nani apigane na nani, nani ashinde na vipi. Ni mwamba ngoma, na ngozi huivutia kwake.

Claude akaja mbio na drili, akazitoa skrubu, mfuniko ukaanguka sakafuni. Mwanga ukamwingia Parfait machoni. Watu wakasimama wakipiga vigelegele. Hawajawahi kuona Maiti akifufuka kwa taabu namna ile, wakadhani amebuni jipya.

Claude akamnyanyua kwa shingo, akamtupa ndani ya kamba, akamkaba kichwa kwapani. Humo kwapani ndimo wanamieleka wanamozungumzia. Mtazamaji anaona mtu ananyongwa, kumbe wanaulizana habari za nyumbani.

"Mukubwa," Claude akanong'ona, "umeita mapema. Si ulisema utaita ngoma zikinyamaza?"

Parfait hakuelewa. Akamwuliza nani amefunga jeneza.

"Mi nimefunga. Njo wewe uliniagiza."

Parfait akaufungua mkono wake wa kulia. Zile nywele zilikuwa bado zimemnasa. Sasa aliziona vizuri. Hazikuwa nywele za mtu aliyekufa. Zilikuwa nywele za kusukia, nyekundu iliyoiva, rangi ambayo wateja wa saluni ya mke wake wanaigombea msimu huu.

Akainua macho kwenye viti vya mbele. Thérèse, ambaye watu humwita Mama Murielle, alikuwa amekaa pale, ametulia, mikono juu ya mapaja. Tangu amwoe, mwanamke huyu hajawahi kukanyaga ukumbi wa mieleka. Leo amekuja, na amevaa kile kitenge cheusi chenye maua ya zambarau alichokivaa kwenye kilio cha mume wake wa kwanza. Shingoni ameivaa filimbi ya Parfait.

Hapo ndipo Parfait alipoanza kuliona kosa lake, nami nakuonyesha na wewe.

Mwisho wa kila pambano hauandikwi popote. Mpanga mieleka huwaita wachezaji wawili, anaishika mikono yao pamoja ndani ya mkono wake, anawaambia mdomo kwa mdomo nani ataanguka na kwa pigo gani. Wakiachana hapo, hakuna anayeuliza tena. Neno la mpangaji ni neno. Na ukiona mambo yameharibika, mpangaji ana filimbi. Ikilia filimbi, kila kitu kinasimama, hata kama mtu yuko hewani.

Wiki hii Parfait alikuwa kitandani. Aliwatangazia watu kwamba ni homa. Kweli yenyewe ilikuwa shingo. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia akiangukia kichwa tena asije kwake, aende kwa mchungaji. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kufa, hauwezi kushika hata kikombe. Alilificha jambo hilo kwa kila mtu, maana mwanamieleka mwenye mkono uliokufa hapangwi tena. Aliyejua ni Thérèse peke yake, aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati.

Leo lilikuwa pambano lake la mwisho. Alipanga Claude ampige kofi moja laini, aanguke ndani ya jeneza, mfuniko uwekwe, abebwe nje kwa tarumbeta, na Maiti azikwe kwa heshima. Kwa kuwa hakuweza kuinuka mpaka leo asubuhi, alimpa mke wake filimbi na maneno ayapeleke kwa wachezaji. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mwisho ulisafiri kwa mdomo wa mtu mwingine.

Wengine tunatuma watu chumvi wanatuletea sukari. Parfait alituma mke wake.

"Alikwambia nini?" Parfait akauliza, bado yuko kwapani. "Mama Murielle alikwambia mwisho gani?"

"Kupanda muhogo," Claude akajibu, kama mtu anayekumbushwa kitu anachokijua.

Damu ilimwisha Parfait usoni, ingawa poda iliificha. Kupanda muhogo ni pigo la kumgeuza mwenzako kichwa chini miguu juu, kisha unakaa chini kwa kishindo. Likifanywa kwa adabu, mpandaji anakibana kichwa cha mwenzake juu kati ya mapaja, na yanayogonga mbao ni makalio yake mwenyewe. Kichwa hakiguswi. Lakini Claude akaendelea kumweleza, bila hatia yoyote, kwamba leo ameambiwa asikibane. Akiache kining'inie, kwa kuwa mukubwa atatanguliza mikono, afanye ule ufundi wake wa zamani wa Kolwezi, watu waone kichwa kinagonga.

Atatanguliza mikono. Mkono mmoja ukiwa mfu.

Parfait akajinasua, akamsukuma Claude kwenye kamba, akakimbilia upande wa pili. Alikuwa na nia ya kuruka chini, apite mlangoni, atokee barabarani na poda yake usoni, na mieleka ibaki kwa wenye shingo. Alifika chini kweli. Mashabiki wakamdaka.

Juu ya kelele, mtangazaji Pitchou alikuwa akirudia kwenye kipaza sauti, kwa furaha yote, kwamba kwa amri ya mpanga mieleka mwenyewe, leo atakayetoka ulingoni arudishwe. Wakamwinua Parfait juu juu. Mama mmoja wa Lubumbashi akambusu kiganja, kijana mmoja akampa dole gumba, akamwambia sharp, Maiti, tunakupenda. Wakamrudisha ndani ya kamba kwa mapenzi kabisa.

Akamwendea refa. Mselem ni mtu wa Unguja, muuza viatu Fordsburg, mpole na mcheshi. Parfait akamshika fulana, akamwambia asimamishe pambano, shingo imevunjika. Mselem akatikisa kichwa kwa kumsifu.

"Hodari wewe. Shemeji keshatueleza yote. Kasema utakuja kwangu."

Wasomaji wangu, mtego wa panya unamkamata panya. Mtego huu alikuwa ameutega panya mwenyewe, miaka na miaka, kwa kuwafundisha watu wasimwamini.

Na sasa akaelewa na siri ya jeneza. Thérèse hakutaka afie mle. Angetaka afie mle asingemwachia Claude drili karibu. Alitaka aogope. Alitaka aliite jina la Claude mapema, alimalize, afike kwenye muhogo akiwa hana jina la kuita.

Ndivyo alivyokwenda Steve.

Steve Kabamba ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Thérèse, na baba wa damu wa Murielle, binti ambaye siku hizi ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu. Watu wanamwita Parfait Papa Murielle, lakini mtoto alikuwa bado ananyonya wakati Steve alipopandwa muhogo na Claude kwenye ukumbi wa Mayfair. Mapema siku ile kidole cha Steve kilikuwa kimenasa kwenye kamba, akaita jina, wakamwachia. Baadaye, alipogeuzwa kichwa chini, mkono mmoja ukamfa, akaita tena. Claude akaifuata sheria. Steve alizikwa wiki iliyofuata.

Claude hajapona mpaka leo. Kila Jumapili yuko kanisani mstari wa mbele, akiombewa kwa jambo ambalo kila mtu analiita ajali. Parfait naye aliapa kwenye kilio, mbele ya mjane, kwamba wakati ule alikuwa mlangoni akituliza walevi, hakuona lolote. Angeona angepuliza filimbi. Mjane akamwamini. Baada ya muda akaolewa naye.

Jumanne hii, Parfait akiwa amelewa dawa za maumivu, Thérèse alikuwa akimnywesha uji. Alimwuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Papa Murielle, siku ile ya Steve, mukono gani ilikufa?"

"Ya kushoto," Parfait akajibu, macho yamefumba. "Ilikuwa inaning'inia tu."

Thérèse akampangusa mdomo, akachukua kijiko kingine. Parfait alilisahau swali lile mpaka leo, ulingoni, alipomwona na kitenge cha kilio. Mtu aliyekuwa mlangoni angejuaje mkono?

Claude akamkamata tena. Parfait akamng'ang'ania kiunoni, mdomo sikioni, akamwambia mwisho umebadilika, ampige kofi amwangushe jenezani.

"Alisema utasema vile."

Akamwambia ni mgonjwa, mkono wake wa kushoto umekufa.

"Alisema utasema vile pia. Mukubwa, unacheza muzuri leo, hata mi naogopa."

"Claude, ile haiko mchezo. Claude!"

"Jina umeshaita," Claude akasema kwa upole. Sauti ilimtetemeka kidogo, kwa kuwa kuna siku nyingine alipolisikia jina lake mara mbili. "Tafadhali usiniite tena. Hata kama njo mchezo, usiniite."

Akainama, akamzungushia Parfait mikono kiunoni, akamgeuza. Dunia ikapinduka. Taa za ukumbi zikawa chini, miguu ya watu ikawa juu, na damu ikamjaa Parfait kichwani. Kichwa chake kikaning'inia chini ya magoti ya Claude, kama alivyoagiza mpanga mieleka.

Ngoma zikanyamaza. Zote, kwa mara moja. Nani aliagiza zinyamaze wakati ule? Unamjua.

Kimya kile kilitisha kuliko kelele. Parfait alimwona Thérèse kichwa chini, ameegemea mbele, ametega sikio. Mkono wa kulia wa Parfait ulikuwa umenyoshwa kuelekea mbao. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu.

Alitafuta neno. Maisha yake yote ni mtu wa kutafuta miisho, na mwisho huu ulikuwa na mlango mmoja tu. Kila ombi alilokuwa nalo mke wake alikwishalipeleka kabla yake. Lilibaki jambo moja ambalo Thérèse asingeweza kumpa Claude mapema, kwa sababu hakuna mchezaji angelisema kwa mchezo. Na jambo hilo ndilo lingeweza kumfanya Claude amwue kwa kutaka.

Aliona aibu kuliko alivyoogopa kufa, na hilo lilimshangaza.

"Siku ya Steve sikukuwa mulangoni," akasema. Ukumbi ulikuwa kimya, sauti ikafika mpaka viti vya nyuma. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Filimbi ilikuwa mu kinywa. Niliona mukono yake ilikufa, nikajua anaita kweli. Sikupuliza. Wewe hukukosa kitu, Claude. Mi njo nilimwacha."

Baadhi ya watu walianza kupiga makofi, wakaacha.

Parfait alihisi mikono ya Claude ikimkaza kiunoni, na tone la maji likamwangukia mguuni. Ama lilikuwa jasho, ama halikuwa jasho.

"Ile," Claude akasema hatimaye, polepole, "Mama Murielle hakuniambia utasema ile."

"Basi unajua sichezi."

"Ndiyo. Sasa najua huchezi."

Hakumshusha. Mselem refa, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika rangi, alipiga hatua mbele, na Claude akamtazama tu, Mselem akasimama alipokuwa. Kisha yule Mrundi mkubwa, aliyelala miaka yote hii na maiti ya mtu mwingine kifuani, akageuka taratibu na mzigo wake mikononi mpaka akawa ana kwa ana na viti vya mbele.

"Mama Murielle," akasema. "Siku ile niliamua peke yangu, nikaambiwa ni sheria. Leo siamui. Filimbi unayo wewe. Ukipuliza, namushusha. Usipopuliza, mi nimechoka kubeba."

Thérèse akasimama. Akaishika filimbi, akaitazama, kisha akaitia kati ya meno yake. Macho yake hayakuwa kwa Claude. Yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa mume wake, ulioning'inia, kama mtu anayehakikisha.

Ukumbi mzima ulisikiliza.

Parfait alikuwa mzito, na magoti ya Claude yalianza kutetemeka.